UZI MREFU: Maduka ya vitabu yaliyopigwa na Amazon yakainuka tena, walifanya nini hasa?

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Kwenye uzi wa yule ndugu anayetaka kufungua tawi la tatu la duka lake la vitabu niliahidi ntaleta mada inayojitegemea, maana maswali yalikuwa mengi na majibu karibu yote yalikuwa ya aina moja, weka appu, weka websaiti, uza softikopi, basi umemaliza. Mimi naona hapo watu wanaruka hatua. Kuna makampuni makubwa yamepita njia hiyo hiyo, mengine yamekufa na mengine yameinuka, na mambo yao yako wazi kabisa, kwa hiyo hatuna sababu ya kubahatisha na mtaji wa mtu.

Naanza na marehemu. Borders walianza 1971 pale Ann Arbor, jimbo la Michigan, ndugu wawili Tom na Louis Borders. Na hawa hawakuwa washamba wa teknolojia hata kidogo, walijijengea mfumo wa kompyuta wa kufuatilia stoki unaoangalia duka lipi linauza nini ili liletewe kinachowafaa watu wa hapo. Ndo kilichowakuza. Baadaye Kmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, wakawanunua 1992, miaka mitatu mbele wakawa tena kampuni inayojitegemea, wakaendelea kufungua maduka makubwa makubwa, vitabu, CD za muziki, DVD, kahawa.

Sasa 2001 ndo wakafanya kitu ambacho mpaka leo nikikiwaza kinaniuma. Mauzo yao ya mtandaoni waliwapa Amazon wawaendeshee. Yani mteja wa Borders akitaka kununua akiwa nyumbani anapelekwa dukani kwa mpinzani, analipia huko, jina lake linabaki huko, anunue nini na lini vyote vinabaki huko. Miaka saba ilipita hivo, wakaja kufungua tena websaiti yao wenyewe 2008 wakati watu walishazoea kwenda moja kwa moja Amazon. Februari 2011 wakaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi, Septemba mwaka huo huo duka la mwisho likafungwa.

Angalieni kitu kimoja hapa. Walipokufa, Barnes & Noble, wapinzani wao wakubwa wa maduka ya vitabu Marekani, walilipa dola milioni 13.9 kununua jina lao na vitu vinavyoendana nalo, na kilichokuwa na thamani kubwa humo ni orodha ya wateja, zaidi ya watu milioni 40. Yani maduka yamekwisha, majengo yamerudi kwa wenyewe, ila taarifa za nani alikuwa anasoma nini bado zinagombaniwa kwa mamilioni. Kukodi mfumo wa mtu siyo tatizo, hata leo nani anajijengea kila kitu mwenyewe? Tatizo ni kumkabidhi mwenzako mteja.

Naendelea, ngoja nisome kwanza maoni.

#2 Mdau, Mwanza

Mkuu nimekuelewa ila mimi naona Borders wangekufa tu. Amazon anauza bei ya chini, hana kodi ya jengo katikati ya mji, anakuletea mpaka mlangoni. Utashindana naye vipi? Huku ni kupoteza muda, duka la vitabu ni biashara ya kizamani.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza hoja yako nzito na kwa miaka kama kumi ndo ilionekana kuwa kweli. Amazon alianza kuuza 1995, na alianza na vitabu, hakuanza na viatu wala friji. Barnes & Noble walifungua websaiti yao 1997, kwa hiyo hawakulala kama Borders. Ila wao waliingia shimo jingine.

Novemba 2007 Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea softikopi, ikatoka, bei dola 399, ikaisha siku hiyo hiyo ndani ya masaa. Barnes & Noble wakajibu mwishoni mwa 2009 na kifaa chao cha kusomea kinaitwa Nook. Na kilikuwa kizuri, nisiwaonee, kuna kipindi walihesabiwa kuwa na kama robo ya soko la softikopi Marekani. 2012 Microsoft wakaweka dola milioni 300 kwenye biashara ya Nook. Kila mtu akaona hapa ndo penyewe.

Kumbe kutengeneza kifaa ni vita ya watu wengine kabisa. Apple, Amazon, Samsung, hawa wana mitaji mikubwa, na Amazon anaweza kuuza kifaa bila faida kwa sababu pesa inarudi kwingine. Muuza vitabu pesa itarudi wapi? Nook ikaanza kula pesa, 2014 Microsoft wakajitoa. Na kibaya zaidi wakati akili yote ya menejimenti iko kwenye kifaa, maduka yaliachwa. Pale mbele mlangoni ambapo ndo mahali pa dhahabu pakawekwa meza ya kuuzia Nook, vitabu vikarudi nyuma, katikati wakajaza midoli na vitu vya zawadi. Wakurugenzi wakuu wanabadilishwa mmoja baada ya mwingine, kila anayekuja na mpango wake. Februari 2018 wakapunguza wafanyakazi wengi wa kudumu ili kuokoa dola milioni 40 kwa mwaka, na waliotoka humo ni wale wazoefu, wale ambao mteja akiingia akasema natafuta kitabu sijui jina ila jalada lake ni la bluu, yeye anajua.

2019 kampuni iliyokuwa inatisha Marekani nzima ikauzwa kwa mfuko wa uwekezaji wa Elliott kwa kama dola milioni 683 pamoja na madeni yake. Hapo ndo hadithi inageuka.

#4 Mdau, Dar

Shusha nondo mkuu tuko hapa. Huyo Elliott si ndo wale wananunua kampuni wanaikamua wanaitupa?

#5 Mleta uzi

Ndo hofu ya kila mtu ilikuwa hiyo. Ila wao mwaka mmoja nyuma, 2018, walikuwa wameshanunua maduka ya vitabu ya Waterstones ya Uingereza, wakachukua mtu yule yule anayeiendesha, James Daunt, wakampa na Barnes & Noble. Kwa hiyo lazima turudi nyuma kidogo London, na hapa naomba tulie kwa sababu ndo moyo wa uzi wenyewe.

Daunt alikuwa mtu wa benki, akaacha, 1990 akafungua duka lake la vitabu Marylebone High Street. 2011 tajiri wa Kirusi Alexander Mamut akainunua Waterstones kwa pauni milioni 53 ikiwa inaelekea kufa, akamweka Daunt aiendeshe. Kampuni ina maduka karibu 300, inapoteza pesa, Amazon huyo hapo, Kindle hiyo hapo, wataalamu wote wanasema kitabu cha karatasi kimebakiza miaka michache.

Wengi mnajua kwamba kwenye maduka makubwa kile kitabu unachokikuta kwenye meza ya mbele hakijawekwa pale kwa sababu muuzaji kakipenda. Mchapishaji kalipia. Analipia meza, analipia dirisha, analipia hata kuitwa kitabu cha mwezi. Waterstones walikuwa wanaingiza kama pauni milioni 27 kwa mwaka kwa njia hiyo. Kampuni inayokufa, milioni 27 za bure zinaingia kila mwaka. Daunt akazikataa zote.

Mwanzoni na mimi nilipoisoma nilisema huyu kachanganyikiwa. Ila fuateni mzunguko wake. Mchapishaji akishalipa, makao makuu wanatuma mzigo ule ule kwa maduka yote, duka la chuo, duka la mji wa wavuvi, duka la katikati ya London, wote wanapokea boksi zile zile na picha ya kuonyesha mpange vipi. Kwenye biashara ya vitabu kuna utaratibu kwamba kisichouzwa kinarudishwa kwa mchapishaji. Basi mfanyakazi anafungua maboksi, anapanga, wiki kadhaa zinapita watu hawanunui kwa sababu hawakukihitaji, anavitoa, anavipanga tena kwenye maboksi, gari linakuja, vinarudi, vingine vinaenda kusagwa. Waterstones karibu kitabu kimoja kati ya vitano kilikuwa kinarudi. Piga hesabu ya mishahara, usafiri, nafasi kwenye rafu, na kubwa kuliko yote, mteja aliyeingia akakuta meza imejaa vitu visivyomhusu akatoka na asirudi.

Daunt alipoiachia ile pesa, aliwaambia mameneja wa maduka, haya, pangeni wenyewe, agizeni mnachojua watu wenu watasoma. Vitabu vinavyorudi vikashuka mpaka karibu asilimia 4. Akafuta na ile ofa ya nunua viwili upate cha tatu bure, ambayo ilikuwa alama ya kampuni miaka mingi, kwa sababu ilikuwa inamfundisha mteja kwamba kitabu hakina thamani mpaka kipunguzwe bei. 2016 ikaonekana faida, ya kwanza tangu 2008.

Na kwenye teknolojia? 2012 huyo huyo Daunt, ambaye alikuwa anaisema Amazon vibaya hadharani, alikubali kuuza Kindle ndani ya Waterstones. Watu walimshambulia sana. Ila ona tofauti yake na Nook: hakutengeneza kifaa, hakuweka mamilioni, aliweka meza akaona mteja anasemaje. 2015 mauzo yakawa hayana maana, akaziondoa, mahali pale akarudisha vitabu. Hasara yake ikawa ndogo, na akawa amejifunza kitu ambacho wenzake walikilipia mamia ya mamilioni.

#6 Mdau, Arusha

Mimi nina swali la mtu wa IT. Unavyoongea ni kama unasema teknolojia haina maana, turudi kwenye daftari. Mtu wa duka akiamua kila kitu kwa hisia zake si ataleta vitabu anavyovipenda yeye tu?

#7 Mleta uzi

Hapana mkuu, na nashukuru umeuliza. Hakuna duka hata moja kati ya hayo linaloendeshwa kwa daftari. Waterstones wana ghala kuu Burton upon Trent, wana mfumo unaoonyesha stoki ya kila duka, mteja anaangalia kwenye simu kama kitabu kipo tawi la karibu, anakiwekea oda, anakwenda kukichukua. Mtu wa duka anaona mauzo yake kila siku kwa hiyo akileta vitabu vya shangazi yake visiuzike ataonekana fasta. Tofauti ni kwamba mfumo unampa taarifa, uamuzi anaufanya yeye.

Tena teknolojia hiyo ya nyuma ya pazia ndo ya kuogopa kuliko appu. 2022 Waterstones walibadilisha mfumo wa stoki wa lile ghala ukasumbua, maduka yakakaa muda bila vitabu walivyoagiza, waandishi wanatoa vitabu vipya havifiki kwenye rafu, oda za wateja zinachelewa. Duka zuri, wafanyakazi wazuri, kila kitu kizuri, ila mzigo hautoki ghalani. Kwa hiyo yule ndugu wa tawi la tatu kama ana pesa ya kuweka kwenye kitu kimoja tu cha kompyuta, aweke kwenye stoki. Ajue saa hii kitabu fulani ziko nakala ngapi tawi la kwanza na ngapi la pili. Appu itasubiri.

Na nikupe mfano wa mtandao na mtu wa duka wakifanya kazi pamoja. 2020 korona ilipofunga maduka Marekani, Daunt aliyatumia yale majengo matupu, wakahamisha rafu, wakapaka rangi, wakapanga upya. Wakafungua, na 2021 TikTok ikawaka. Vijana wanajirekodi wanalia kwa ajili ya riwaya iliyotoka miaka mitano nyuma, kesho yake wasichana wanamiminika dukani wanaitafuta. Kwa mfumo wa zamani wa meza kulipiwa miezi kadhaa kabla, ungefanyaje? Meza tayari ina mwenyewe. Ila sasa hivi yule binti anayefanya kazi dukani naye yuko TikTok, ameiona video usiku, asubuhi anaagiza, anaweka meza yenye kibao cha BookTok, yani vitabu vinavyovuma TikTok. Hakuna mtu wa makao makuu angeweza kuwa na kasi hiyo.

Matokeo ndo haya: Barnes & Noble waliokuwa wanafunga maduka kila mwaka walifungua kama 30 mwaka 2023 na zaidi ya 50 mwaka 2024, na wenyewe walisema mwaka huo mmoja wamefungua mengi kuliko miaka yote ya 2009 mpaka 2019. Mengi ni madogo kuliko yale majumba ya zamani. Na Amazon? Alifungua duka lake la kwanza la vitabu la kuingia kwa miguu Seattle 2015, akapanga vitabu kwa data, nyota ngapi, watu wangapi wameweka maoni. Data zote za dunia anazo yeye. 2022 akatangaza kuyafunga yote, na kule Massachusetts kuna majengo yake ambayo Barnes & Noble wameingia wao.

#8 Mdau, Nairobi

Niaje wadau. Uzi safi sana lakini wacha niseme kitu, huku kwetu shida ya maduka ya vitabu haikuwa Amazon wala Kindle. Duka nyingi zilikuwa zinaishi na vitabu vya shule. 2018 serikali ikaanza kununua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka hadi shuleni, duka ikarukwa. Kuna miji duka zilifunga kabisa. Sasa hii mambo ya meza na TikTok inatusaidia aje?

#9 Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi umeleta kitu kikubwa na mimi naona ni ugonjwa ule ule. Pesa ya meza ya Waterstones ilikuwa haitoki kwa msomaji, inatoka kwa mchapishaji. Pesa ya vitabu vya shule nayo haitoki kwa msomaji, inatoka kwenye bajeti ya shule. Ni pesa tamu, inakuja kwa mkupuo, ila ukiizoea unasahau kabisa kujua nani anaingia dukani kwako na anataka nini. Siku mwenye pesa akibadili utaratibu, unageuka kumtafuta msomaji na humjui hata mmoja kwa jina. Sisemi mtu aache vitabu vya shule, hapana, duka gani huku litaishi bila msimu wa shule wa Januari? Nasema faida ya Januari iende kununua uhusiano na watu wa Februari mpaka Desemba.

Na kwenye hilo sisi tuna silaha ambazo Daunt hana. M-Pesa ilianza Kenya 2007, mwaka ule ule wa Kindle, mteja wa kwetu amezoea kulipa kwa simu muda mrefu, hahitaji kadi ya benki. Mtu anatuma picha ya jalada WhatsApp, unamjibu ipo, analipa, bodaboda au kondakta wa basi anapeleka. Websaiti kubwa ya nini kwanza? Kinachotakiwa ni yule anayejibu WhatsApp awe mtu anayesoma, na kila oda iandikwe mahali: nani, kanunua nini, yuko wapi. Mtu alinunua riwaya ya upelelezi mwezi wa tatu, mwezi wa tano imeingia nyingine ya mwandishi huyo huyo, unamtumia ujumbe yeye, siyo kuwatupia watu mia sita tangazo moja kwenye grupu. Na hiyo orodha iwe ya duka. Isikae kwenye simu binafsi ya mfanyakazi, maana akihama amehama na duka.

Tawi la tatu likifunguliwa lisiwe fotokopi ya la kwanza. Karibu na chuo ni duka jingine, karibu na msikiti mkubwa ni jingine, stendi ni jingine. Mpe mwenye tawi bajeti ya kuagiza, anzia hata robo ya mzigo, muangalie miezi sita.

#10 Mdau, Mombasa

Mleta uzi umemsifu sana huyo bwana. Hao wafanyakazi unaosema wanachagua vitabu wanalipwa nini? Maana nilisoma mahali Waterstones waliandikiwa barua ya malalamiko ya mishahara na waandishi wenyewe.

#11 Mleta uzi

Kweli kabisa ndugu yangu, na hapo simtetei. 2019 wafanyakazi wa Waterstones walipeleka ombi la kulipwa mshahara wa kuweza kuishi, watu zaidi ya 9,000 wakasaini na waandishi zaidi ya 1,000 wakawaunga mkono, Daunt akajibu kwamba kampuni bado haina uwezo. Barnes & Noble nako 2023 wafanyakazi wa duka lao kubwa la Union Square, New York, walipiga kura kuingia chama cha wafanyakazi. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwanzoni Waterstones, alipunguza mameneja wengi tu. Huwezi kujenga mkakati wote juu ya akili ya muuzaji halafu umlipe kama mtu wa kubeba maboksi. Huo ni ufa na kama hawatauziba utawarudia, kwa sababu yule binti aliyejua TikTok inasoma nini akipata kazi inayolipa zaidi ataondoka, na mfumo wa stoki hautakuambia alichokuwa anakijua.

Kuna jingine silipendi pia. Waterstones walifungua maduka kwenye miji midogo kama Southwold na Rye bila kuweka jina lao, yanaitwa kwa jina la mji kama vile ni duka la mtu wa hapo. 2017 likawa gumzo. Kumpa meneja uhuru ni sawa, ila kumficha mteja nani mwenye duka mimi siliungi mkono.

#12 Mdau, Mwanza

Nimeanza uzi nikikupinga saivi nimebadilika nusu. La mwisho: haya makubwa yakikua tena si yatawamaliza wale wenye duka moja moja kama miaka ya tisini? Na Elliott akiamua kuuza?

#13 Mleta uzi

Miaka ya tisini ni kweli waliwaumiza sana, wenye maduka madogo Marekani hawajasahau. Safari hii picha imechanganyika. 2024 Barnes & Noble walinunua Tattered Cover ya Denver, duka la watu wa pale lililopendwa miaka mingi, likiwa kwenye mufilisi, kwa kama dola milioni 1.83, wakaacha jina lake. Waterstones nao walinunua maduka mengine ya vitabu ya Uingereza, Foyles 2018 na Blackwell's 2022, majina yamebaki. Bila wao pengine baadhi yangefungwa. Ila pia maana yake ni kwamba maduka mojamoja yanaishia kwenye mfuko wa mwenye pesa mmoja, na mfuko wa uwekezaji haununui kampuni ili uirithishe wajukuu, siku itafika watauza au watapeleka soko la hisa.

Hapo ndo mtihani utakuwepo. Kampuni ikishauzwa kuna presha ya kuonyesha faida kila robo mwaka, na pesa rahisi kuliko zote iko pale pale, kumrudia mchapishaji na kumwambia lipia meza. Mimi hicho ndo ntakiangalia. Siku ukiingia Waterstones ya Leeds na ya Brighton ukakuta meza ya mbele ina vitabu vile vile kwa mpangilio ule ule, ujue wameshairudia.

Yule ndugu wa tawi la tatu, nimeona umepita hapa kimya kimya. Njoo utuambie mji gani na jirani kuna nini, tukae tuangalie orodha ya mzigo wa kuanzia.